Tata, Muziro Wetu Umerudi Bondeni

Mpendwa Tata,

Kwa heshima zote anazostahili mzee wa usharika aliyelala, nakutangazia rasmi kwamba mwanao wa tatu, mwalimu wa Biolojia, mkazi wa Nyanga katika Manispaa ya Bukoba, mwenye umri wa miaka hamsini na tatu na goti moja bovu, amekabidhiwa buti za mpira. Makabidhiano yalifanyika ofisini kwa mtendaji wa kijiji, mbele ya mashahidi, kwa makofi na picha tatu. Buti zote mbili ni za mguu wa kushoto. Nimezivaa hivyohivyo. Mkweo, mama wa wajukuu zako, ametamka kwamba hatimaye nimepata viatu vinavyolingana na mwendo wangu.

Ungekuwepo ungetoa kile kicheko chako cha puani, halafu ungeuliza swali lako la siku zote: "Na kazi yake ni nini?" Ulikuwa hupendi kitu kisicho na kazi. Hata tai yako ya kanisani uliifungia mlango wa banda la mbuzi siku za wiki.

Kazi ya buti hizo, Tata, ndiyo habari yenyewe. Nzohe wamerudi bondeni.

Nakuacha kwanza uvue kofia. Nakujua.

Mimi nilikuwa darasa la pili nilipojua kwamba sisi tuna mnyama. Tulikuwa harusini kwa jirani, na mgeni mmoja aliyetoka mbali alikuwa amekuja na nyama kavu ya porini, anagawa kwa fahari. Nilishapokea kipande changu. Ulinishika kifundo, taratibu tu, ukamuuliza kwa ile sauti yako ya kusoma matangazo ya ibada: "Samahani waitu, ndugu yangu, huyu alipokuwa hai aliitwa nani?" Yule bwana akacheka, akasema porini wote wanaitwa nyama. Ukamshukuru sana. Ukaninyang'anya kipande, ukanipa ndizi.

Nililia njia nzima. Ndipo ukaniambia kwamba kila ukoo una muziro wake, kitu ambacho watu wake hawali wala hawadhuru. Wengine ni nyani, wengine ni samaki, kila mtu na chake. Wetu ni enjobe, yaani nzohe, swala wa majini mwenye kwato ndefu zilizoachana kama mkasi, anayetembea juu ya tope bila kuzama. "Haliwi, hapigwi, haguswi. Ukimwona unamsalimu, unapita."

Nikafuta kamasi, nikauliza yuko wapi.

"Bondeni."

"Twende tukamwone."

"Hayupo. Waliisha."

"Sasa Tata, tunamkwepaje mtu ambaye hayupo?"

Ulitembea hatua kadhaa. "Ndiyo maana," ukasema, "hatujawahi kukosea."

Miaka mingi baadaye niliwasimulia wanafunzi wangu jibu hilo nikifundisha somo la viumbe waliotoweka, darasa zima likacheka. Niliwaacha wacheke. Mwalimu mwenye shahada anapata wapi ujasiri wa kusema kwamba mpaka leo, akiwa hotelini Mwanza, humuuliza mhudumu mara mbili nyama hii ni ya nini?

Nakumbuka Jumapili. Baada ya ibada wenzako walikwenda kuonja rubisi, pombe ya ndizi, wewe ukakata rweya, ile nyika ya majani ambayo haikuwa na mwenyewe, ukiwa bado na koti lako la kahawia, mimi nyuma yako na viatu mkononi. Tulisimama ukingoni mwa mafunjo. Ulivua kofia. Nilidhani unasali, nikawa nafumba macho, mpaka siku moja nikachungulia nikaona macho yako wewe yamefumbuliwa, yanatafuta. Ulikuwa unamsalimu mtu asiyekuwepo nyumbani.

Mchungaji alizipata habari hizo. Alikuja kwetu, akapewa kahawa ya kutafuna, akaiweka kiganjani, akakuuliza kwa utani wenye mfupa ndani: "Mzee, wewe ni wa Kristo au ni wa swala?"

"Wa Kristo ni mimi mzima, Mchungaji," ukamjibu. "Swala namheshimu kwa mkono na mdomo tu."

Mchungaji akatia kahawa mdomoni. Sikumsikia akiuliza tena.

Mara moja tu uliniambia walivyoisha. Nilikuwa kidato cha tatu, nimeanza kujua kila kitu, nikakueleza kwamba waliomaliza wanyama ni wageni waliokuja na mbwa na nyavu. Ulikuwa unapogoa migomba. Ulisema ndiyo, wageni walikuja. Kisha ukasema kila kiangazi sisi wenyewe tulichoma mafunjo ili yachipue majani ya ng'ombe, na tulipomaliza kuchoma tukachimba mifereji, tukapanda viazi. "Sisi hatukuua hata mmoja," ukasema. "Tuliwachomea nyumba tu." Ukaendelea kupogoa.

Wa mwisho ulimwona ukiwa kijana, dume lenye pembe moja iliyovunjika, anakatisha mfereji bila haraka. Ulisema hakukutazama. Ulilisema hilo kama mtu anayelalamika kidogo.

Basi sikia walivyorudi. Waliletwa na watu wa wanyamapori kutoka hifadhi iliyo kisiwani, kwa boti halafu kwa lori, watano: dume moja na majike manne, kila mmoja ndani ya sanduku lake la mbao lenye matundu. Aliyewaongoza ni daktari wa wanyama, binti wa Morogoro anayeitwa Neema, mdogo kuliko mjukuu wako mkubwa, na mwenye sauti ya kuamrisha ng'ombe. Lori haliwezi kushuka bondeni, kwa hiyo liliishia pale juu, penye mteremko. Ukoo wetu mzima ulikuwa umejaa. Wanaume walivaa makoti. Akina mama walikuja na vigelegele wakaambiwa wavimeze, wanyama watashtuka.

Dokta Neema akapanda juu ya jiwe. "Wazee wangu, naomba wanaume wanane wenye nguvu. Tunabeba sanduku mojamoja mpaka majini. Polepole, bila kelele."

Tata, sijawahi kuona wanaume wengi hivyo wakikagua mawingu kwa pamoja.

"Wazee?" akasema.

Mzee Ishengoma, mwenyekiti wa kamati yetu ya kuwatunza nzohe, akasogea na fimbo yake. "Binti yetu, furaha tuliyo nayo haisemeki. Ila hatushiki."

"Hamumshiki mnyama, mzee. Mnashika sanduku."

"Sanduku lina mnyama."

"Sanduku ni mbao."

"Na sufuria ni bati, binti. Lakini ikiwa motoni huishiki kwa sababu ni bati."

Dokta akageuka, akanitafuta mimi, katibu wa kamati, niliyechaguliwa kwa kuwa nina mwandiko unaosomeka. "Mwalimu, wewe si ni wa Biolojia? Hebu waambie."

Nilikohoa. Nikasema suala hili lina upande wa kisayansi na upande wa kijamii. Nikasema pia kwamba goti langu haliruhusu mteremko wenye mzigo. Yote mawili ni kweli, na hakuna hata moja lililokuwa jibu.

Hapo ndipo mtu mmoja akasema, "Waiteni mashemeji." Ikawa kama mlango umefunguliwa. Wote waliooa binti zetu wakapigiwa simu, maana wao wana miziro mingine na mikono yao haina kesi na nzohe. Walikuja wanacheka tangu juu ya kilima. Wa kwanza alikuwa Kaijage, mume wa dada Adela, yule uliyemtania miaka yote kwamba ana mabega ya kubeba kanisa lakini halibebi.

"Leo ndiyo mmejua faida ya kuoza binti!" akapaza sauti, Dokta akamkaripia, akashusha. "Miaka ishirini na tano naitwa mgeni. Haya, mgeni abebe ndugu zenu. Shemeji Mwalimu, njoo ushike hata kamba."

"Nikushikie simu," nikasema.

"Na kofia?"

"Na kofia."

Nikasimama na simu yake na kofia yake, wenzangu wakisimama na simu na kofia za mashemeji wengine, tukaonekana kama watu wanaolinda nguo za waogeleaji. Wao wakashuka na masanduku, miguu ikizama mpaka magotini, Kaijage mbele akihesabu hatua kwa kunong'ona.

Milango ilipofunguliwa dume liligoma. Likasimama ndani ya sanduku kama mtu aliyefika ugenini akakuta mvua. Kisha likaweka kwato moja nje, Tata, na kwato zile ni ndefu kweli, zimeachana kweli, na sikuwa nimewahi kukuamini mpaka dakika ile. Mafunjo yakafunguka, yakafunga. Wakafuata majike. Juu mteremkoni wanaume wote walikuwa wamevua kofia. Mzee Ishengoma aliwasalimu kwa Kihaya, salamu ndefu, ile ya kumpa mtu aliyekaa safarini mpaka mkadhani hatarudi. Mimi macho yalinitoka maji. Nilisema ni vumbi. Mvua ilikuwa imenyesha tangu usiku, lakini watu walikuwa na adabu.

Ningetamani barua iishie hapo. Ningesaini, ningebandika picha.

Lakini Tata, nimechoka. Hakuna aliyetuambia kwamba mnyama akisharudi ndipo kazi inaanza. Ulituachia kuheshimu kitu ambacho hakipo, na kazi hiyo ilikuwa nyepesi sana, sasa naona. Kilichopo kinakula majani ya viazi vitamu. Kilichopo kinazungumziwa kwenye vikao vinne kwa mwezi. Kila Ijumaa jioni natoka Bukoba mjini, nateremka kijijini kwetu Muleba na begi la madaftari ya kusahihisha, Jumamosi nasikiliza mama aliyeliwa viazi, Jumapili naandika muhtasari, Jumatatu nasinzia mbele ya kidato cha nne wakati wao wanafanya mazoezi. Mkweo anasema nimeoa bwawa. Na hao wenyewe, Tata, huwaoni. Unaona alama ya kwato, unaona funjo limekatwa ncha, unasikia kitu kinapumua, basi. Ni uchovu wa kumpenda mtu asiyegeuka.

Kaijage tulimfanya mlinzi. Tulipiga kura na hakuna aliyepinga, kwa sababu ni yeye tu angeweza kumshika mnyama ikilazimu. Aliifanya kazi ile kwa namna iliyonitia aibu kidogo. Alizijua njia zao. Alimtambua kila mmoja kwa sikio, kwa doa, kwa jinsi anavyokata mafunjo. Ni yeye aliyetuambia kwamba jike mmoja, mwenye sikio lililochanika, ana mimba. Dokta Neema akaja na darubini yake, akathibitisha.

Ungewaona akina mama! Kutoka kisimani mpaka kanisani, "Anaendeleaje?" kama wanamuulizia binti aliyeolewa vizuri. Mzee Ishengoma, ambaye wajukuu wake mwenyewe anawachanganya majina, alianza kuhesabu miezi kwa vidole. Huyo mtoto angekuwa wa kwanza kuzaliwa bondeni kwetu tangu ujana wako. Mimi niliwahi kusimama kaburini kwako, pale chini ya migomba, nikakwambia. Hukujibu, ila upepo ulipita, na mtu akishafika umri wangu anaanza kukubali majibu ya aina hiyo.

Jike yule amekufa, Tata. Na mtoto tumboni.

Alikufa Jumapili moja asubuhi, amenaswa kwenye wavu wa zamani wa kuvulia kamongo uliokuwa umesahauliwa chini ya maji kwenye mfereji. Hakuna aliyejua kwamba upo. Muhtasari wa kikao, kwa mwandiko wangu unaosomeka, unasema hivi: katibu alimkuta mnyama akiwa ameshakufa, alimpigia simu mlinzi, mlinzi alifika baadaye.

Maneno hayo ya mwisho, "alifika baadaye," niliyaandika bila kufikiri sana. Yamefanya kazi kuliko lori. Kufikia Jumatano kijiji kilikuwa kinasema Kaijage alichelewa. Kufikia Jumapili iliyofuata kilikuwa kinasema alikuwa amelala usingizi. Habari ilipofika kwenye kikao, Mzee Ishengoma aliinuka akasema bila hasira, kwa huzuni tu, na hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya: "Hatumlaumu. Mgeni ni mgeni. Angekuwa wetu, angelala palepale bondeni."

Kaijage alikuwa amekaa nyuma, kofia magotini. Aliinamisha kichwa. Kisha akatoa ufunguo wa kibanda cha ulinzi akauweka mezani, mbele ya daftari langu.

Dada Adela nilimkuta kaburini kwako anang'oa magugu. Hakuitikia salamu yangu. Alimaliza mstari mzima ndipo akasema, bila kugeuka: "Mume wangu alikimbia, kaka. Alitoka na kandambili mbili, akarudi na moja."

"Najua."

"Unajua. Halafu?"

"Nitaongea nao."

"Wewe ni wa kuongea," akasema, "tangu utoto," akaendelea kung'oa.

Hizo ni wiki tatu zilizopita. Sijaongea. Jumamosi hii kamati inakaa kupitisha barua kwa Dokta Neema, kuomba kwamba ulinzi wa bonde ushikwe na watu wa ukoo peke yao, na kwamba Kaijage asikanyage tena ukingoni. Wamekubaliana kabla ya kukaa, unajua vikao vyetu. Na barua hiyo ya kumfukuza shemeji yangu bondeni ninatakiwa kuiandika mimi.

Ndiyo sababu nakuandikia wewe kwanza, na ndiyo sababu naiandika barua hii wazi. Nitaipeleka ikasomwe mbele ya kamati kabla ya hiyo nyingine, na nakala nitampa Adela mkononi, kama atanyoosha mkono. Hivyo yanayofuata sikwambii wewe peke yako, ila nakuomba uwe wa kwanza kuyasikia.

Jumapili ile nilishuka bondeni kabla ya ibada. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mafunjo. Nilikuwa na panga la kufyekea njia. Kaijage alikuwa ameshazunguka upande wa kusini tangu alfajiri, akaenda nyumbani kunywa chai, kama tulivyopanga kwenye ratiba niliyoichora mimi. Nikasikia maji yanapigwa. Nikafuata mlio.

Alikuwa hai.

Alikuwa kwenye mfereji, hatua nne kutoka niliposimama. Wavu ulikuwa umemzunguka shingo na miguu ya mbele, na kila alipojaribu kuinuka ulimvuta chini. Pua yake ilikuwa juu ya maji. Masikio yote mawili nikayaona, likiwamo lile lililochanika. Alinitazama, Tata. Wewe wako hakukutazama, wangu alinitazama.

Maji yale yananifika kiunoni. Nimekwenda kuyapima baadaye, peke yangu, kwa mti, nikitumaini kwamba ni marefu. Ni kiunoni. Panga nilikuwa nalo mkononi. Kilichohitajika ni mtu aingie, aweke mkono chini ya kidevu chake, ainue, akate kamba mbili au tatu. Mwanafunzi wangu yeyote angeweza kuchora mchoro wake ubaoni.

Niliingiza mguu mmoja. Kisha nikasimama.

Ningependa kukuambia kwamba nilikuwa nautii muziro. Ingekuwa hadithi nzuri, na wazee wangenisamehe hapohapo, pengine wangenisifu. Na sauti yako niliisikia kweli, nisikufiche: "Haguswi." Lakini niliisikia kwa sababu niliitafuta. Niliogopa. Niliogopa mateke yake, na macho yake, na kwamba nikimshika kisha akafa mikononi mwangu watasema Mwalimu kamuua muziro kwa kiherehere cha vitabu. Hofu zote hizo zilihitaji koti la kuvaa, nami nikazivalisha koti lako. Nikatoa mguu majini. Nikatoa simu.

"Shemeji," nikasema, "njoo haraka. Huyu wa sikio amenasa."

"Anapumua?"

"Anapumua."

"Mshikilie kichwa! Nakuja!"

Sikumshikilia kichwa. Nilisimama ukingoni, nikawa naongea naye. Nilimwambia avumilie, Kaijage anakuja. Nilimsalimu, Tata, kama ulivyonifundisha. Pua ilishuka, ikapanda, ikashuka. Mara moja alivuta pumzi kwa sauti kama mtu aliyeshtuka usingizini. Sijui ni muda gani. Haukuwa mrefu. Ulikuwa muda wa mtu kumaliza kikombe cha chai ya moto bila haraka. Pua iliposhuka mara ya mwisho bado niliendelea kuongea.

Hukuwahi kuniambia: na akiwa anakufa, je? Nami sikuwahi kukuuliza, kwa kuwa wakati wote ule hakuwepo. Sidhani ungesita. Nikikufikiria pale nakuona umeshaingia na koti lako la kahawia. Lakini siwezi kukuwekea jibu mdomoni. Nimeshakutumia vya kutosha asubuhi ile.

Kaijage alifika mbio, anahema, kandambili moja mguuni. Hakuna mtu kijijini angeweza kutoka kwake mpaka pale kwa kasi ile, na yeyote atakayesema alichelewa na apande kile kilima mwenyewe. Hakunitazama. Aliingia na nguo zake zote, akapitisha mkono chini ya shingo, akainua kile kichwa akakiegemeza begani mwake, kama unavyomwinua mgonjwa kumnywesha dawa. Akakata kamba kwa kisu chake. Akamshika kifua. Akabaki hivyo.

"Shemeji," akasema, "mbona bado ana joto?"

"Nilimkuta ameshakufa," nikasema.

Hakusema kwamba kwenye simu nilimwambia anapumua. Mkono wake ukashuka polepole mpaka tumboni kwa yule jike, ukatulia pale kwa kitambo.

"Ana joto," akarudia.

"Ni jua," nikamwambia.

Jua, Tata, lilikuwa halijatoka. Kaijage alitazama ukungu, akanitazama mimi, suruali yangu kavu isipokuwa mguu mmoja. Kisha akaniomba, kwa upole kabisa, nimshikie kofia, akaanza kumvuta nchi kavu peke yake. Anajua tangu asubuhi ile. Wiki zote hizi wanamwita mchelewaji, anajua, na hajanitaja.

Lala salama, Tata, katika udongo wako chini ya migomba.

Mimi mwanao wa tatu,
shemeji yake Kaijage.